Kilima na Bonde Lake: Wito kwa Majirani wa Kyambogo

Ndugu zangu wa Kyambogo, Banda, Ntinda, Nakawa na Kireka,

Nawaandikia kuhusu ardhi isiyo na jengo. Bado tunayo. Ipo juu kilimani, kwenye viwanja na majani yanayozunguka Chuo Kikuu, na ipo chini bondeni, kwenye mafunjo ya Kinawataka. Inapungua mwaka hadi mwaka huku tukiitazama, na ombi langu ni kwamba tuilinde sasa, tukiwa bado na kitu cha kulinda.

Kilima hiki kiliachiwa nafasi tangu mwanzo. Chuo cha ualimu kilihamishiwa hapa kutoka Makerere mwishoni mwa miaka ya 1940, chuo cha ufundi kikafuata mwaka 1958, na mwaka 2003 taasisi tatu, ya ualimu, ya ufundi na ya elimu ya mahitaji maalumu, zikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Kyambogo. Wakati huo wa kwanza hapa palikuwa pembeni mwa mji. Majengo yalitawanywa, miti ikapandwa kando ya njia, na kati ya bweni na bweni pakabaki majani. Leo mji umekizunguka kilima pande zote. Ukishuka kwenye taksi pale barabara ya Jinja, katikati ya moshi na honi, kisha ukapanda kwa miguu mpaka juu, unahisi mabadiliko ya hewa kabla hujafika getini.

Juu hapo kuna uwanja wa kriketi ambao watu wengi hupita bila kujua sifa yake. Mwezi Mei 2017 Uganda iliandaa mashindano ya Ligi ya Dunia ya Kriketi, Daraja la Tatu, na mechi zikagawanywa kati ya Lugogo, Entebbe na Kyambogo. Oman, Kanada, Marekani, Singapore na Malaysia walikuja kucheza na Uganda. Siku za kawaida hakuna bendera wala wageni. Kuna watoto wa Banda na mpira wao, kuna wakimbiaji wa alfajiri, kuna mama anayeuza karanga kwenye vikaratasi vilivyosokotwa, na wanafunzi walioegemea miti na madaftari magotini.

Kuna jambo moja pale ambalo kila nikiliona husimama kutazama. Kwa kuwa Kyambogo ndicho kitovu cha elimu ya mahitaji maalumu nchini, utawakuta wanafunzi viziwi wakizungumza kwa lugha ya alama, mmoja upande huu wa uwanja na mwenzake upande ule. Mikono inapanda juu, inafunguka, inageuka. Yule wa mbali anacheka na kujibu. Umbali huo wa kupita uwanja mzima hautufai sisi tunaotumia sauti, maana tungelazimika kupiga kelele. Wao wanazungumza kwa utulivu kabisa, kwa sababu hakuna ukuta kati yao. Jengeni pale jengo moja la ghorofa na mazungumzo hayo yamekatika. Na kijana anayetembea kwa fimbo nyeupe, au anayesukuma kiti chake cha magurudumu, anahitaji njia pana iliyo tambarare kuliko sisi sote. Ndiyo maana nakataa kusikia kwamba eneo lile limekaa bure.

Sasa tushuke bondeni.

Kinawataka ni kinamasi kinachokusanya maji ya Kyambogo, Banda, Kireka na Mbuya, na kuyapeleka Luzira hadi kwenye ghuba ya ndani ya Murchison katika Ziwa Victoria. Mafunjo yake hupita kimo cha mtu mara mbili. Ukiyasogelea unaona kwamba hayakusimama kwenye udongo kama muwa. Yamesimama juu ya zulia la mizizi iliyofumana, na maji yanapita chini na katikati yake polepole. Huo upole wa maji ndio kazi yenyewe. Yakienda taratibu, mchanga unatua. Mizizi inafyonza naitrojeni na fosforasi iliyotoka kwenye vyoo vyetu, mabafu yetu na karakana zetu. Vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi hiyo vinavunja uchafu unaobaki. Maji yanayofika ziwani yanakuwa safi kuliko yalivyotoka mtaani.

Yanayofika ziwani tunayanywa. Mitambo ya Ggaba, ambayo kwa miaka mingi imeupatia mji huu maji ya bomba, inachota katika ghuba hiyo hiyo. Kinamasi cha jirani, Nakivubo, kilifanyiwa hesabu na watafiti, na ripoti yao iliyotolewa mwaka 1999 ilikadiria kwamba kazi yake ya kusafisha maji ina thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kwa mwaka. Hiyo ni kazi isiyolipwa mshahara wala bili ya umeme. Mafunjo yalipokatwa na bonde likajazwa, kazi ikahamia kwenye mitambo na kemikali, na gharama yake ikahamia kwetu. Mji umelazimika kujenga mtambo mwingine mkubwa huko Katosi, Mukono, mbali na ghuba yetu iliyochafuka.

Serikali yenyewe imetoa takwimu: mwaka 1994 ardhioevu zilifunika asilimia 15.6 ya Uganda, na kufikia 2019 zilikuwa zimeshuka hadi asilimia 8.9. Katika robo karne tu, karibu nusu imekwenda.

Imekwendaje? Mnajua, maana mmeona. Lori la kwanza linakuja usiku na kumwaga kifusi ukingoni. Asubuhi kinaonekana kama kichuguu tu, hakuna anayeuliza. Wiki inayofuata yanakuja malori matatu. Udongo mwekundu unasambazwa kwa koleo, migomba michache inapandikizwa ili pafanane na shamba la siku nyingi, kisha unasimama uzio wa mabati wenye kigeti kidogo na mlinzi asiyejua jina la mwajiri wake. Nyuma ya mabati panakuwa mahali pa kuoshea magari, au pa kuegesha malori, au pa kufyatulia matofali. Baada ya mwaka mtu anajitokeza na karatasi. Haba na haba hujaza kibaba, na hivyo ndivyo bonde linavyojazwa: hakuna siku hata moja ambayo mtu angeweza kusema leo ndipo kinamasi kimekufa.

Na kilima kinahusika. Mvua inayoanguka kwenye majani ya Kyambogo sehemu yake kubwa inazama ardhini. Ile inayoanguka kwenye bati, lami au ua uliosakafiwa inateremka yote, tena kwa kasi, ikibeba taka za mtaroni. Msimu wa Machi hadi Mei, na ule wa Septemba hadi Novemba, maji hayo yanafika chini kwa dakika chache na kukuta kalvati limezibwa na bonde limejazwa. Yanaingia nyumba za Banda na Kinawataka usiku, watu wamelala. Kwa hiyo ninaposema tulinde uwanja wa juu na mafunjo ya chini, nasema jambo moja. Mwenye nyumba Ntinda anayesakafia ua wake wote kwa saruji anamtumia maji jirani asiyemjua.

Wapo watakaoniambia kwamba mji hauwezi kusimama kwa sababu ya majani. Watu wanahitaji nyumba, vijana wanahitaji kazi, na viwanda vinahitaji ardhi. Nakubali kila neno. Sensa ya 2024 ilihesabu karibu watu milioni 1.8 ndani ya Kampala, na mchana wanaoingia kutoka Wakiso na Mukono wanaongeza mno idadi hiyo. Lakini tazameni barabara yetu hii hii ya Jinja. Mbele kidogo, Namanve, msitu wa hifadhi uliondolewa katika miaka ya 1990 kupisha eneo la viwanda. Viwanda vimekuja na vimeajiri watu, hilo ni kweli. Lakini msitu pale haukurudi. Nyuma kidogo, Nakawa na Naguru, nyumba za zamani za wafanyakazi zilikaa katikati ya miti na nafasi za watoto kucheza. Julai 2011 zilibomolewa, zaidi ya familia elfu moja zikaondoka kwa ahadi ya mji mpya wa kisasa. Mkataba wa kuujenga ulivunjwa baadaye na mji ule haukutokea. Kwa miaka pale palikuwa vichaka. Tulipoteza nyumba na tulipoteza bustani kwa pamoja. Ndiyo maana ombi la kujenga penye uwazi likija, tuulize kwanza majengo mangapi karibu yamesimama nusu, na ardhi kiasi gani iliyokwisha kuharibika inangoja kutumika. Mji unaweza kukua kwenda juu.

Nina neno pia juu ya haki, kwa sababu bila haki ulinzi wa mazingira huwa fimbo ya kumpigia maskini. Mwaka 2024 Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliwaondoa watu kwenye kinamasi cha Lubigi, na tuliona akina mama wamesimama barabarani na magodoro vichwani. Ndiyo, hawakupaswa kujenga pale. Lakini wengi walikuwa wameuziwa na watu wenye maneno matamu, na viongozi waliwaona wakijenga tofali kwa tofali. Kama sheria itamfikia mwenye chumba kimoja, imfikie na mwenye ghala. Na njia ya huruma kuliko zote ni kumwambia mtu ukweli kabla hajatoa pesa yake. Wewe mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, unayegonga mhuri kwenye makubaliano ya mauzo, wewe ndiye wa kwanza kujua. Tafadhali, baba, mama, usigonge mhuri juu ya maji.

Suala hili la haki lina historia. Wakoloni walipoupanga mji huu waliacha maeneo ya wazi, lakini mara nyingi kwa nia ya kutenganisha watu: Wazungu kilima kile, Wahindi mtaa huu, Waafrika nje kabisa. Uwanja wa gofu wa Kitante ulikaa katikati ya mitaa hiyo, na hata leo wengi wetu tunautazama kupitia ua. Baada ya uhuru tungeweza kuifungua nafasi ile iwe ya wote. Badala yake tumekuwa tukiigawa vipande. Shule ya Shimoni pale Nakasero, yenye viwanja ambavyo watoto wa mjini walivikimbilia, iliondolewa mwaka 2006 kupisha hoteli kabla ya mkutano wa Jumuiya ya Madola. Kyambogo ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mtoto wa mchuuzi na mtoto wa profesa bado wanapiga mpira mmoja.

Msidhani hatuna nguvu. Katiba yetu ya 1995, ibara ya 237, inasema kwamba serikali kuu au serikali ya mtaa inashikilia kwa amana, kwa niaba ya wananchi, maziwa, mito, ardhioevu, hifadhi za misitu na mbuga, na inapaswa kuzilinda kwa manufaa ya wote. Anayeshikilia kwa amana hana ruhusa ya kuuza. Sheria ya Ardhi ya 1998 ikaongeza kwamba rasilimali hizo hazikodishwi wala hazitolewi kwa namna nyingine kuwa mali ya mtu. Kinachoweza kutolewa ni kibali cha matumizi tu. Ibara ya 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 50 inaruhusu mtu au shirika kwenda mahakamani kutetea haki za wengine, hata kama yeye mwenyewe hakuguswa. Na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya 2019 ikaenda hatua ambayo nchi chache Afrika zimeifikia: inatambua kwamba maumbile yenyewe yana haki ya kuwepo na kuendelea.

Sheria hizi zimewahi kufanya kazi. Watu wa Butamira, huko Jinja, waliona msitu wao wa hifadhi ukitolewa kwa kilimo cha miwa. Shirika la ACODE likaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamua kwamba serikali ilikiuka ile amana. Mwaka 2007 ulipotoka mpango wa kukata hekta 7,100 za msitu wa Mabira kwa ajili ya miwa, wananchi walijaa barabarani. Siku ile, tarehe 12 Aprili, watu waliuawa, akiwemo Mhindi asiye na hatia aliyepigwa na umati. Sitaki tena ulinzi wa miti unaomwaga damu, na hakuna msitu unaohalalisha kumwinda mtu kwa sababu ya asili yake. Lakini Mabira ipo, na mabasi ya Jinja bado yanapita chini ya kivuli chake.

Majirani zetu wa Nairobi wametuonyesha njia ya subira. Mwaka 1989 mwanamazingira Wangari Maathai alisikia kwamba mnara wa ghorofa 60 utajengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park. Alianza na barua. Akamwandikia huyu, akamwandikia yule, ofisi kwa ofisi, huku akitukanwa bungeni. Mnara haukujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, yeye na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti katika Karura, msitu ambao sehemu zake zilikuwa zimekwisha kugawiwa. Leo familia za Nairobi zinatembea na kuendesha baiskeli katika Karura, na majirani wenyewe walijiunga kusaidia kuutunza.

Kwa hiyo, ninyi majirani zangu, naomba nini hasa?

Naomba kwanza tujue mipaka. Ardhi ya umma huibwa kirahisi pale ambapo hakuna anayejua inaanzia wapi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Tuwaombe Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, ramani ya mipango miji ya kata yetu. Tuwaombe NEMA mipaka ya Kinawataka. Na tusiishie Kampala, kwa sababu kinamasi hiki kiko mguu mmoja katika Divisheni ya Nakawa na mguu mwingine katika Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso. Mwenye kifusi anajua mwanya huo: akifukuzwa upande mmoja anavuka upande wa pili. Madiwani wa pande zote mbili wakae meza moja.

Kwenu wakuu wa Chuo Kikuu: mnahitaji madarasa na mabweni, wanafunzi wanaongezeka, na sisi majirani hatupingi. Tunaomba mpango wenu wa ardhi ubandikwe mahali tunapoweza kuusoma, na viwanja na miti viandikwe humo kama sehemu ya chuo, kama maktaba ilivyoandikwa. Mna wahandisi, mna wanajiografia, mna walimu wa sanaa. Darasa la upimaji ardhi linaweza kupima kingo za kinamasi kila mwaka na kutuonyesha zimesogea kiasi gani.

Wanafunzi, kaeni kwenye majani hayo. Someni hapo, chezeni hapo, fanyeni mikutano yenu hapo, na muondoke na chupa zenu za plastiki, kwa maana kila chupa inayobaki kilimani inashukia kwenye kalvati la Banda. Uwanja unaotumika kila siku una mashahidi wengi.

Nanyi waendesha bodaboda, mnaokesha kwenye steji wakati sisi tumelala: ninyi mnaliona lori la usiku kabla ya mtu yeyote. Andikeni namba yake. Pigeni picha mkiwa mahali salama, msigombane na mtu. Mpeni mwenyekiti na ofisi ya mazingira ya divisheni picha hiyo asubuhi ile ile, kwa sababu lundo moja la kifusi linaweza kuzolewa kwa siku moja, na nyumba ya ghorofa haizoleki.

Masheikh, wachungaji, mapadri, tunaomba mtukumbushe haya kwenye mimbari, na mkatae zawadi ya kiwanja kilichojazwa udongo juu ya mafunjo, hata kama anayetoa anasema anamtolea Mungu. Wenye nyumba, acheni robo ya ua bila saruji na pandeni mti unaovumilia: mutuba, musizi, mfenesi. Mutuba ndio mti unaotupa kitambaa cha gome, ufundi wa Baganda unaotambuliwa na UNESCO, na tawi lake likichomekwa ardhini huchipua.

Mwenye kalamu aanze na barua moja. Iandikwe kwa afisa habari wa KCCA, itaje mahali kwa usahihi, mtaa, njia, jengo la jirani, na namba ya kiwanja kama inajulikana. Iulize maswali matatu: eneo hili limetengwa kwa matumizi gani, je, kuna ombi la kubadilisha matumizi hayo, na nani amepewa kibali. Isainiwe na majirani watano au kumi, ifikishwe kwa mkono, na nakala igongwe mhuri wenye tarehe, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.